Mikono ya kuazima na skrini ya inchi tatu: Jukwaa lilivyoingia kwenye televisheni

Mchana wa Septemba 11, 1928, katika mji wa Schenectady, jimbo la New York nchini Marekani, mwigizaji Izetta Jewel aliketi mbele ya sanduku lililokuwa likimmulika usoni. Alikuwa amezoea majukwaa makubwa, ambako mwigizaji hutembea, hugeuka, huinua mkono na kuufanya ukumbi mzima ushike pumzi. Siku hiyo aliambiwa atulie. Akisogea kidogo tu kushoto au kulia, uso wake ungetoka nje ya picha.

Mwenzake, Maurice Randall, aliketi mbele ya sanduku la pili na kupewa masharti yaleyale. Katikati yao alisimama mwongozaji Mortimer Stewart, mkononi akiwa na kisanduku chenye vitufe vya kuzungusha. Mbele yake kulikuwa na skrini ndogo iliyomwonyesha kile kinachokwenda hewani. Alipotaka uso wa mwanamke uonekane, alizungusha kitufe kimoja, na alipotaka wa mwanamume, akazungusha kingine.

Kulikuwa na sanduku la tatu. Hili halikuonyesha uso wa mtu bali mikono, na mikono yenyewe haikuwa ya Jewel wala ya Randall. Ilikuwa ya waigizaji wengine wawili, Joyce Evans Rector na William J. Toniski, waliokuwa wamekaa pembeni wakisubiri zamu. Mhusika alipotakiwa kushika glasi, glasi ilishikwa na Rector au Toniski, na mtazamaji aliamini kwamba ni mkono wa yule aliyemwona usoni sekunde chache kabla. Jukwaani mtu mmoja angeyafanya yote hayo bila kufikiri. Mbele ya mitambo ile ilibidi mwili mmoja ugawanywe kwa watu wawili.

Mchezo huo uliitwa The Queen's Messenger, na ndio unaotajwa kuwa tamthilia ya kwanza kurushwa kwa televisheni nchini Marekani. Wapo wanaosema ni ya kwanza duniani.

Haukuandikwa kwa ajili ya televisheni. J. Hartley Manners, mwandishi mzaliwa wa London, aliuandika kama mchezo mfupi wa jukwaani wa tendo moja, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwa na kifaa cha kuutazamia nyumbani. Kisa chake ni chepesi kueleza: tarishi wa serikali ya Uingereza amebeba nyaraka za siri, anakutana na mwanamke wa fumbo, na mwanamke huyo anazitaka nyaraka hizo. Kuanzia hapo ni maneno, macho, kinywaji na hila.

Manners alikuwa na kazi kubwa zaidi. Peg o' My Heart, tamthilia yake ya mwaka 1912, ilimpa umaarufu mkubwa New York, na mkewe, Laurette Taylor, ndiye aliyeigiza kama Peg. Lakini Peg ina wahusika wengi, mlango unaofunguliwa na kufungwa, watu wanaoingia na kutoka. Mafundi wa Schenectady wasingeweza kuibeba. Walihitaji mchezo wa watu wawili, ndani ya chumba kimoja, usiohitaji mtu kusimama. Mchezo ule mfupi ulichaguliwa kwa sababu ulitosha kwenye mtambo, kama vile mtu anayehama na gari dogo anavyochagua vitu vya kubeba.

Mtambo wenyewe ulikuwa matokeo ya wazo la zamani. Mwaka 1884 mwanafunzi Mjerumani, Paul Nipkow, alifikiria sahani ya chuma yenye matundu yaliyopangwa kwa mzunguko kama ganda la konokono. Sahani ikizunguka kwa kasi, kila tundu hupita juu ya sehemu moja ya kitu kinachotazamwa, mstari baada ya mstari, mpaka kitu kizima kinakuwa kimepitiwa. Schenectady walitumia taa kali nyuma ya sahani ya namna hiyo. Mwanga ulimpiga mwigizaji usoni nukta kwa nukta, na seli zilizokuwa karibu yake zikanasa kiasi cha mwanga kilichorudi, zikakigeuza umeme. Upande wa mpokeaji sahani nyingine ilizunguka kwa mwendo uleule mbele ya taa ya neoni, na uso ukajitokeza ukiwa na rangi ya waridi iliyofifia. Sahani mbili zikipishana mwendo kidogo tu, uso ulipinda au ulitoweka.

Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Ernst Alexanderson, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya General Electric, ambayo makao yake yalikuwa Schenectady. Jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana katika redio kwa mashine yake iliyowezesha sauti kusafirishwa mbali. Mwezi Januari mwaka huohuo alikuwa ameonyesha televisheni ikipokewa katika nyumba za watu mjini humo. Septemba alitaka kuonyesha kitu kikubwa zaidi ya mtu anayevuta sigara au kutabasamu mbele ya taa. Alitaka kisa chenye mwanzo na mwisho.

Hapa ndipo uhusiano na redio unapoeleweka. General Electric ilikuwa na kituo chake cha redio, WGY, na tangu mwaka 1922 kituo hicho kilikuwa na kundi lake la waigizaji lililochukua tamthilia za jukwaani na kuzisoma hewani. Mji ule ulikwisha kujifunza kuhamisha jukwaa kwenda kwenye sauti. Siku ya The Queen's Messenger sauti ilipita WGY na picha ikapita kwenye masafa mengine, kisha vikakutanishwa upande wa pili. Mchezo ulichukua kama dakika 40.

Mwigizaji aliyechaguliwa naye hakuwa wa kawaida. Izetta Jewel alikuwa ameacha jukwaa alipoolewa na mbunge wa jimbo la West Virginia, William Gay Brown. Mumewe alifariki mwaka 1916, na baadaye Jewel akaingia kwenye siasa mwenyewe. Mwaka 1922, miaka miwili tu baada ya katiba ya Marekani kuwahakikishia wanawake haki ya kupiga kura, aligombea ndani ya chama cha Democratic ili awanie kiti cha useneta. Hakushinda. Alijaribu tena mwaka 1924 na hakushinda, ingawa mwaka huo alipanda jukwaa la mkutano mkuu wa chama kumuunga mkono mgombea urais, John W. Davis. Mwanamke aliyezoea kuhutubia maelfu alijikuta Schenectady akizungumza na sanduku, asiruhusiwe hata kunyoosha mkono wake mwenyewe.

Watazamaji wa siku hiyo walikuwa wachache. Hakukuwa na soko la seti za televisheni. Waliokuwepo walikuwa waandishi wa habari walioalikwa, pamoja na wahandisi na mafundi wenye vifaa vya kujitengenezea. Skrini ilikuwa na upana wa inchi tatu hivi, ndani ya kabati la mbao lenye pande nane, hivyo watu kadhaa wakitaka kutazama kwa pamoja walilazimika kubanana. Gazeti la New York Times liliipa habari hiyo ukurasa wa mbele siku iliyofuata, lakini halikuficha kasoro: picha zilikuwa ndogo, mara nyingine zilififia au kuchanganyika, hazikukaa katikati ya skrini, na kumetameta kwake kulichosha macho.

Hata hivyo walichokiona kilikuwa mchezo wa kuigiza. Nyuso mbili zilizungumza, mkono ukatokea, nyuso zikarudi, na akili ya mtazamaji ikaunganisha vipande. Kukata kutoka uso wa mmoja kwenda wa mwingine, kisha kwenda kwenye kitu kilichoshikwa mkononi, ndiko kunakofanywa mpaka leo katika kila tamthilia inayoonyeshwa saa mbili usiku. Sinema zilikuwa zimekwisha kufanya hivyo kwa mkasi na gundi, filamu ikishapigwa. Stewart alifanya papo hapo, kwa vidole, bila nafasi ya kurudia.

Manners alifariki Desemba mwaka huohuo, miezi mitatu baada ya mchezo wake kurushwa.

London nayo haikukaa kimya. Mskoti John Logie Baird, aliyewaonyesha wanasayansi televisheni yake Januari 1926, alikuwa na studio mtaa wa Long Acre. Kwa muda alivutana na BBC, ambayo haikuwa na haraka ya kumpa masafa. Majaribio ya kurusha picha kupitia mitambo ya BBC yalianza Septemba 30, 1929, na mwanzoni picha na sauti havikuweza kwenda pamoja: mtu alionekana kwanza akichezesha midomo kimya kimya, kisha akasikika bila kuonekana. Mwishoni mwa Machi 1930 ndipo vyote viwili viliporushwa kwa wakati mmoja. Miezi mitatu na nusu baadaye, Julai 14, BBC na Baird walirusha mchezo wao wa kwanza.

Nao walichagua mchezo mfupi, kwa sababu ileile. Ulikuwa wa Mwitaliano Luigi Pirandello, ambaye miaka minne baadaye angepata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Kwa Kiingereza unaitwa The Man with the Flower in His Mouth. Katika mkahawa, usiku, msafiri aliyeachwa na treni anazungumza na mtu asiyemjua. Huyo mtu ana uvimbe wa saratani mdomoni, ambao ndio "ua" linalotajwa kwenye jina, na anajua siku zake zinahesabika. Kwa mbali mkewe, aliyevaa nguo nyeusi, anamfuatilia kama kivuli. Hakuna bastola, hakuna nyaraka za siri. Kuna mtu anayetazama maisha ya wengine kwa sababu yake yanaisha.

Ukiipima kwa hadithi pekee, London walithubutu zaidi. Schenectady walionyesha kwamba televisheni inaweza kubeba kisa cha hila. London walitaka ibebe huzuni, kwa picha ya mistari 30 iliyobadilika mara 12 na nusu tu kwa sekunde. Televisheni ya kawaida ya zama za analojia katika nchi zetu ilikuwa na mistari 625. Kwa mistari 30 macho ya mtu huwa mashimo mawili meusi na mdomo huwa mstari mmoja. Ndiyo maana waigizaji wa Baird walipakwa rangi nzito usoni, nyusi na midomo ikichorwa upya, ili angalau mtazamaji atofautishe pua na shavu.

Mwongozaji, Lance Sieveking, alikuwa mtu wa redio aliyependa majaribio. Waigizaji wake walikuwa watatu: Earle Grey kama mgonjwa, Lionel Millard kama msafiri na Gladys Young kama mwanamke. Mtambo wa Baird uliweza kumulika uso mmoja tu kwa wakati mmoja. Zamu ilipobadilika, mwigizaji mmoja alipaswa kutoka kwenye kiti na mwingine kuingia, gizani, bila kelele. Ili mtazamaji asione vurugu hiyo, ubao wenye miraba myeusi na myeupe, kama wa drafti, ulisukumwa taratibu mbele ya mwanga hadi uso ukafunikwa. Ulipoondolewa, uso mwingine ulikuwa mahali pake. Mandhari yalichorwa na C. R. W. Nevinson, mchoraji aliyejulikana kwa picha zake za Vita Kuu ya Kwanza, naye alilazimika kuchora kwa mistari minene michache kwa sababu mitambo isingeona zaidi ya hapo. Muziki ulitoka kwenye sahani ya santuri ya mwimbaji wa tango Carlos Gardel.

Waliotazama majumbani walikuwa na seti za Baird, zilizouzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida hakuweza kuimudu. Mmoja wa waliokuwa na seti ni Waziri Mkuu Ramsay MacDonald, aliyewekewa katika makazi yake ya 10 Downing Street.

Picha ya Baird ilikuwa nyembamba na ndefu, imesimama wima kama mlango, kwa sababu ilikusudiwa kuonyesha mtu na si mandhari. Baadaye televisheni ikalala upande, ikapanuka, ikakaa hivyo kwa miongo mingi. Kijana anayetazama leo vichekesho kwenye simu yake ndani ya basi la Kigali au daladala la Mwanza anatazama umbo lilelile la wima, uso mmoja baada ya mwingine, kwenye skrini inayotosha kiganjani.

Njia ya sahani zinazozunguka haikufika mbali. Septemba 7, 1927, mwaka mzima kabla ya mchezo wa Schenectady, kijana Philo Farnsworth alikuwa amerusha picha San Francisco bila sahani yoyote, kwa umeme peke yake. Vladimir Zworykin naye alikuwa akifuata njia hiyohiyo. BBC ilipofungua huduma yake ya kudumu ya televisheni Novemba 2, 1936, katika jengo la Alexandra Palace, mfumo wa Baird ulishindanishwa na wa kielektroniki wenye mistari 405. Miezi mitatu baadaye wa Baird uliondolewa.

Kilichobaki ni ile tabia ya kwenda kuchota jukwaani. Siku nne tu baada ya ufunguzi, BBC ilionyesha vipande vya Marigold, tamthilia iliyokuwa ikichezwa wakati huo katika ukumbi wa Royalty jijini London. Televisheni ilikuwa na njaa ya visa, na ghala lililokuwa karibu lilikuwa la wenye majukwaa.

Njaa hiyo ilifika Afrika Mashariki pamoja na mitambo. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka uliofuata, na Zanzibar ilirusha picha za rangi katika miaka ya 1970. Burundi ilifuata mwaka 1984, Rwanda mwaka 1992. Tanzania Bara, iliyosubiri kuliko wote, ilipata vituo vyake vya kwanza, vya watu binafsi, mwaka 1994. Kila mahali swali lilikuwa lile la Alexanderson: tuna mtambo, sasa tuonyeshe nini kwa pesa kidogo, ndani ya chumba kimoja?

Kenya ilijibu kwa Vioja Mahakamani. Ukiitazama kwa jicho la fundi wa Schenectady, utaona werevu wa uchaguzi huo. Mahakama ni chumba kimoja. Hakimu amekaa, mshtakiwa amesimama kizimbani, karani yuko mezani. Hakuna anayehitaji kukimbia. Kesi inaanza na kumalizika katika kipindi kimoja, kama mchezo wa tendo moja, na wiki inayofuata wanaletwa washtakiwa wengine.

Tanzania Bara ilikuwa na ghala kubwa zaidi, na hapo ndipo penye machungu. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, vikundi kama Muungano na TOT vilijaza kumbi na baa za Dar es Salaam kwa onyesho la saa nyingi: ngoma, kwaya, taarabu, kichekesho kifupi, na mchezo wa kuigiza wenye visa vya ndoa, ulozi na fedha. Watu walilipa kiingilio, walicheka kwa sauti, na waigizaji waliongeza au kupunguza maneno kulingana na kicheko hicho. Televisheni ilipoingia, visa vya aina hiyo vilihamia kwenye kioo. Kundi la Kaole likajulikana nchi nzima kupitia ITV, na nyota wake wakasimamishwa barabarani kwa majina ya wahusika wao. Kumbi nazo zikaanza kupwaya. Aliyekuwa akilipa kiingilio sasa alitazama bure kwa jirani mwenye seti, na mwigizaji ambaye hakupata nafasi mbele ya kamera alibaki na jukwaa lisilo na watu.

Si kweli kwamba televisheni iliua jukwaa peke yake. Nauli, bia, bendi mpya na kanda za video vilichangia. Lakini tangu Schenectady, aliyehama kutoka jukwaani kwenda kwenye kioo amelazimika kuacha kitu nyuma. Jewel aliacha mikono yake. Wa Dar es Salaam waliacha kicheko cha ukumbi, ambacho kilikuwa ndicho kipimo chao cha kazi.

Masimulizi ya historia ya televisheni yamemtunza Alexanderson, yamemtunza Baird, na hata sahani ya Nipkow ina picha yake vitabuni. Waigizaji huonekana kwa mstari mmoja. Jewel aliishi hadi mwaka 1978, muda wa kutosha kuona televisheni ya rangi na binadamu akitembea mwezini, yote sebuleni. Kituo cha majaribio kilichorusha picha zake kilibadilishwa jina mwaka 1942 na kuwa WRGB, na mpaka leo kinarusha matangazo katika eneo hilohilo la New York.

Mchezo wenyewe haukuhifadhiwa. Uliobaki ni picha za mnato, maarufu zaidi ikiwa ile ya Jewel na Randall wakiwa wameelekea masanduku yao, Stewart akiwa katikati. Wa London nao ulipotea siku uliporushwa. Mwaka 1967 mtaalamu Bill Elliott aliunda upya mtambo wa mistari 30 na kuurudia mchezo wa Pirandello akiwa na waigizaji wanafunzi. Sieveking, aliyekuwa mzee kwa wakati huo, alishiriki. Michoro ya Nevinson ilitumika tena, na sahani ya Gardel ikapigwa tena. Kipande hicho kipo, kinatazamika, na nyuso ndefu zinatetemeka ndani yake kama zinavyotetemeka kwenye maji. Wengi wanaokiona hudhani wanawaona waigizaji wa mwaka 1930.